Injini ikizima mita 3 juu ya mpunga: mwongozo wa kutua kwa dharura kwa marubani wa kunyunyizia dawa, Nyanda za Juu Kusini

Unanyunyizia mpunga Mbarali, magurudumu yapo mita 3 juu ya masuke, mwendo noti 105 (kama kilomita 195 kwa saa). Injini ikizima hapo una kama sekunde 15 mpaka ndege iguse ardhi, na ndani ya muda huo utakuwa umesafiri mita 600 hivi. Huwezi kufungua kitabu wala kuita mnara. Unachobaki nacho ni mikono iliyozoea kazi yake na shamba ambalo macho yalishalichagua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla injini haijazima.

Namba zilizomo ni za ndege ya injini moja ya pistoni yenye gurudumu la mkia, kama Cessna 188 au Piper Pawnee. Ndege za turbini, kama Air Tractor na Thrush, zimetajwa pale zinapotofautiana. Kitabu cha ndege yako kikitoa namba nyingine, fuata kitabu.

Hewa ya huku

Uwanja wa Songwe upo karibu futi 4,400 juu ya usawa wa bahari, Nduli ya Iringa karibu 4,700. Bonde la Usangu, kwenye mpunga na kweleakwelea, lipo kati ya mita 1,000 na 1,100. Chai ya Mufindi ipo juu ya mita 1,800.

Chukua mchana wa Usangu: futi 3,500, joto nyuzi 30. Kwa vipimo vya kimataifa kimo hicho kinatakiwa kiwe na nyuzi 8. Kila nyuzi ya ziada huongeza kama futi 120, kwa hiyo mabawa na injini vinafanya kazi kama vipo futi 6,100. Geji ya mwendo ikisoma noti 70, kwa kweli unakwenda 77 hata kama hakuna upepo, na nishati ya kugonga imepanda kwa asilimia 20. Ukipaa Songwe saa nane mchana kwa nyuzi 28, hewa ni ya futi 7,000. Injini isiyo na turbo imepoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake kabla hujaachia breki.

Hapo huzaliwa makosa mawili. Moja ni la macho: ardhi inakimbia chini yako, unaamini mwendo upo, unavuta fimbo, bawa linaachia hewa na ndege inastoli. Soma geji. La pili ni kupaa na mchanganyiko wa mafuta ukiwa umejaa kabisa kama vile upo Dar es Salaam. Petroli inazidi hewa, injini inakohoa, plagi zinashika masizi. Kwa propela isiyobadilika pembe, shika breki, fungua throto yote, punguza mchanganyiko taratibu mpaka mizunguko ifike kilele, kisha rudisha kidogo upande wa kujaa. Kwa propela inayobadilika pembe, tumia alama za kimo kwenye geji ya mtiririko wa mafuta.

Kwa nini injini huzima

Kabla ya kulaumu pistoni au krenki, anza na mafuta. Yameisha, hayafiki, yana maji, au si yake.

Viwanja vingi vya mashambani hujaza kutoka kwenye mapipa ya lita 200. Usiku wa Njombe au Mufindi ni baridi na mchana jua linachoma. Pipa lililobaki nusu huvuta hewa yenye unyevu na asubuhi matone yamekaa chini. Fanya hivi:

1. Pipa la akiba lilazwe, vizibo vyake viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani na maji ya mvua yasituame juu yake.
2. Usiku wa kuamkia kazi lisimamishe na uliinamishe kidogo kwa kipande cha ubao. Maji na kutu vitakusanyika upande wa chini.
3. Bomba la pampu liingie upande wa juu, mdomo wake ukae angalau sentimita 5 kutoka kwenye kitako. Mafuta yanayobaki chini si ya ndege.
4. Pitisha kwenye chujio linalozuia maji. Kitambaa cha shati hakizuii maji.
5. Ukishajaza, subiri dakika 15. Tikisa mabawa, kisha fungua vali zote za chini za tanki na chujio, ukikinga kwenye chupa nyeupe. Ndege ya gurudumu la mkia inakaa kwa kuinama, na maji yanaweza kujificha mbali na vali. Ndiyo maana ya kutikisa. Rudia mara mbili.

Chupa ikiwa safi kabisa usishangilie. Inawezekana yote ni maji. Avgas 100LL, petroli ya ndege za pistoni, ina rangi ya bluu, maji hayana. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgas hukauka na kuondoka, Jet A-1, mafuta ya ndege za turbini, huacha duara la mafuta. Jet A-1 ikiingia kwenye tanki la pistoni, injini inaweza kuwaka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, ikakuruhusu kutembea hadi mwisho wa kiwanja, kisha ikaanza kugonga na kufa ukiwa umeinuka futi 100.

Kiasi pia. Injini ya nguvu farasi 300 katika kazi hii hunywa lita 60 hadi 70 kwa saa. Pima kwa kijiti kilichowekewa alama, si kwa geji. Mafuta yakishuka chini ya robo tanki, acha kunyunyizia: katika zile kona kali za mwisho wa mstari, ndege ikiteleza kando kidogo tu, petroli inakimbilia upande mmoja, mdomo wa bomba unavuta hewa, na injini inakatika palepale unapoihitaji kuliko wakati wowote.

Barafu ya kabureta ni ugonjwa wa Mufindi, Njombe na Rungwe. Pawnee inatumia kabureta. Asubuhi ya ukungu yenye nyuzi 10 hadi 18, hewa ikipita kwenye koo la kabureta hupoa hadi chini ya sifuri na unyevu wake unaganda. Dalili ni mizunguko kushuka polepole bila mkono wako kusogea. Vuta joto la kabureta lote. Injini itakohoa zaidi kwa muda kwa sababu inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Wengi hapo huogopa na kulirudisha joto ndani, na hilo ndilo huiua injini. Liache. Injini ya sindano (inayopuliziwa petroli bila kabureta), kama ile ya Cessna 188 ya nguvu farasi 300, haigandi hivyo, ila chujio lake la hewa huziba kwa vumbi, makapi ya mpunga na manyoya. Dawa yake ni mlango wa hewa mbadala. Ujue ulipo bila kutazama.

Kweleakwelea wana hatari zao mbili. Dawa hupigwa jioni, ndege wanaporudi kulala, kwa hiyo unapita kwenye kundi zima. Wanaogonga kioo wanatisha, ila wanaokusumbua zaidi ni wale wanaoziba chujio la hewa na kipozeo cha oili. Joto la oili likipanda baada ya kupita kundini, kazi ya leo imeisha. Hatari ya pili ni giza: huku kwetu jua likishazama, mwanga wa kuona matuta na nguzo hukatika upesi. Weka saa ya kuacha kabla hujapaa, na usiivuke kwa sababu eti limebaki pipa moja la dawa.

Kwenye PT6, injini ya ndege nyingi za turbini za kazi hii, kumbuka kwamba injini inaweza isizime bali ikashuka hadi mzunguko wa chini kabisa na kubaki hapo, kwa mfano bomba dogo la hewa linaloendesha kidhibiti cha mafuta likipasuka. Baadhi ya ndege zina mkono wa dharura wa kupeleka mafuta moja kwa moja. Kama yako unao, usogeze taratibu. Ukiusukuma kwa pupa utaiunguza turbini.

Kukagua shamba

Siku moja kabla, pita kwa pikipiki. Kanyaga kwa kisigino: kikizama zaidi ya sentimita 5, magurudumu yatazama na ndege itapinduka. Angalia urefu wa matuta, mifereji isiyoonekana kutoka juu, na upana wa barabara za shamba. Mabawa ya Cessna 188 ni mita 12.7, barabara nzuri yenye nguzo pande zote mbili inaweza kuwa nyembamba kuliko hapo.

Siku ya kazi, zunguka shamba kwa futi 500, mara moja kila upande, jua likiwa mgongoni kisha usoni. Usitafute waya, hutauona. Tafuta nguzo, kisha tazama vichwa vyake vinaelekea wapi. Nguzo yenye waya wa kuizuia kwa pembeni inakuambia kwamba laini inapinda au inaishia hapo. Umeme wa vijijini umeongezeka sana, na laini mpya inaweza kukatiza shamba ulilolipulizia vizuri msimu uliopita. Minara ya simu nayo ina nyaya za kuishikilia zinazotoka mbali na mnara wenyewe.

Upepo usome kwenye moshi wa majiko, vumbi, na maji ya jaruba: upande unaotoka upepo maji hutulia kama kioo, upande wa pili hupata mikunjo. Kama ndege ina kitoa moshi, tumia. Wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba, upepo mkuu hutoka kusini-mashariki, lakini chini ya milima ya Uporoto na Kipengere unaweza kugeuka na kushuka, kwa hiyo usiamini kalenda.

Sasa panga mistari. Panga upande ambao kona zako zitakuwa juu ya eneo wazi, hata kama mistari itakuwa mifupi na kona nyingi zaidi. Mwenye shamba atalalamika kuhusu muda. Mwache. Kwa kila mstari, na kwa kila kona, uwe na jibu la swali moja: ikizima sasa hivi, naenda wapi? Jibu likikosekana, badili mwelekeo wa kazi.

Sekunde 15

Ukiwa kwenye mstari, chini, una mwendo mkubwa. Maneno ya kujifunzia ni manne: juu, mwaga, pua, shamba. Yaseme kwa sauti kila asubuhi ukiwa umekaa kwenye kiti na mkono ukigusa kila kitu.

1. Juu. Vuta fimbo kwa ulaini, pua ipande nyuzi 15 hadi 20. Unaubadilisha mwendo kuwa kimo. Kihesabu, kutoka noti 105 hadi 75 kuna mita 70. Mabomba ya dawa na propela inayozungushwa na upepo vitakula sehemu yake, utapata mita 45 hadi 60, yaani futi 150 hadi 200. Kama kuna waya mbele tayari, kupanda huku ndiko kunakuokoa nao.

2. Mwaga. Wakati huohuo, mkono wa kushoto unatoka kwenye throto na kuvuta mkono wa kumwagia dawa (wenzo unaofungua mlango wa chini ya tanki la dawa), wote, hadi mwisho, bila kuuachia. Ndege ya kilo 1,900 ikimwaga lita 700 inabaki na kilo 1,200. Mwendo wake wa kustoli unashuka kwa moja ya tano: kama ulikuwa noti 60, sasa ni 48. Ukigusa ardhi kwa mwendo huo mdogo na uzito huo mdogo, nishati ya kugonga ni asilimia 40 tu ya ile ya kwanza. Hakuna kitu kingine ndani ya ndege hii kinachokupa faida kubwa hivyo kwa sekunde chache. Lakini jihadhari: dawa ikitoka, pua inarushwa juu. Uwe umeshaanza kusukuma fimbo mbele. Usiipunguzie ndege nafasi kwa kuionea dawa huruma. Hasara hiyo ilishahesabiwa siku mlango huo ulipotengenezwa.

3. Pua. Geji ikishuka hadi noti 85, shusha pua. Usisubiri ifike 75, kwa sababu mwendo unaendelea kuanguka wakati wewe unasukuma. Pua ya ndege isiyo na injini inakaa chini kuliko unavyotarajia. Upeo wa macho unapanda juu kwenye kioo na shamba linakujaa usoni. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama propela inabadilika pembe na oili bado ina shinikizo, vuta mkono wake nyuma kabisa kupunguza ukinzani. Kwa turbini, laza mapanga ya propela sambamba na upepo. Umbali wa kuteleza unaongezeka mno.

4. Shamba. Ukiwa na mabomba ya dawa, hesabu mita 6 mbele kwa kila mita 1 ya kushuka. Futi 200 zinakupa mita 370. Kugeuka nyuzi 90 kwa mwinamo wa nyuzi 30 kunakula mita 430. Umeona? Huwezi kugeuka hata pembe mraba. Pa kwako ni ndani ya nyuzi 45 kushoto au kulia, na kadiri unavyogeuka kidogo ndivyo unavyobaki na mabawa sawa. Mwinamo wa nyuzi 30 huongeza mwendo wa kustoli kwa asilimia 7, wa 45 kwa 19, wa 60 kwa 41. Shamba baya lililo mbele linashinda shamba zuri lililo nyuma.

5. Flapi (vibao vya nyuma ya mabawa) zishushe ukishajua unafika, si kabla. Ukiwa juu mno, telezesha ndege kando kwa pedali na fimbo. Hizi ndege hushuka vizuri hivyo. Kisha funga: mchanganyiko, vali ya mafuta, magneto (mitambo ya cheche), na swichi kuu mwisho, kwa kuwa flapi za umeme zinaihitaji. Legeza kitasa cha mlango au kanopi ili kisijifunge fremu ikipinda. Kaza mikanda, funga kufuli ya mabega.

6. Gusa kwa magurudumu matatu pamoja, fimbo tumboni, mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linabeba. Ishushe ukiwa unaiongoza. Ndege hizi zimejengwa pua ndefu na tanki la dawa mbele ya rubani ili vikunjike kabla yako. Ikisimama kutoka noti 45 ndani ya mita 3, mwili unapata mzigo wa wastani wa mara 9 ya uzito wako, ambao mtu aliyefungwa vizuri ana uwezo wa kuumudu. Kwa noti 90, mzigo uleule unahitaji mita 12.

Kuwasha tena? Chini ya futi 300, gusa pampu ya umeme mara moja wakati mkono unapita, basi. Juu ya futi 500, kwa mfano ukisafiri kwenda shambani, unayo nafasi: weka mwendo wa kuteleza, elekea pa kutua, ndipo upitie tanki lingine, pampu, mchanganyiko, joto la kabureta au hewa mbadala, magneto moja moja. Mpangilio huo ufuate njia ya mkono kutoka kushoto kwenda kulia kwenye ndege yako, isirukwe.

Injini inayokohoa ni tapeli. Inakata, inarudi, inakupa matumaini ya kufika kiwanjani, kisha inakufa juu ya miti. Ichukulie kuwa imeshazima: mwaga dawa, panda kwa nguvu iliyobaki, elekea shamba la karibu, na utumie nguvu hiyo kuchagua vizuri zaidi pa kugusa.

Kwenye kona na wakati wa kupaa

Kwenye kona mpangilio hubadilika, kwa sababu huna mwendo wa kubadilisha kuwa kimo. Upo futi 200, noti 80, umeinama. Ukivuta au ukimwaga kwanza, pua inaruka na bawa la chini linaachia. Kwanza sukuma fimbo, kisha nyoosha mabawa, kisha mwaga. Utatua ulikoelekea baada ya kunyoosha, ndiyo maana tumesema kona ziwe juu ya eneo wazi.

Wakati wa kupaa, tanki la dawa likiwa limejaa, usirudi kiwanjani. Kugeuka na kujipanga tena kwa mwinamo wa nyuzi 45 kunakula karibu futi 450, na hapo hatujahesabu sekunde 4 za mshangao wala upepo utakaokuwa mgongoni. Amua kabla: chagua alama pembeni mwa kiwanja, kwenye nusu ya urefu wake. Kama hapo geji haijafika asilimia 70 ya mwendo wa kupaa, funga throto. Ukishaondoka ardhini, mkono wa kushoto ukae mahali unapoweza kuupata mkono wa kumwagia bila kutafuta.

Ardhi ya huku na namna ya kuigusa

Majaruba. Baada ya mavuno, mashina yakiwa yamekauka, ni mahali pazuri kuliko pengi, ila ng'ombe hutolewa kula mabua wakati huohuo. Fuata upande mrefu wa jaruba, sambamba na matuta. Tuta la kiangazi ni gumu; ukiligonga kwa noti 40 magurudumu yanabaki nyuma. Lenga kugusa mara tu baada ya tuta, si katikati ya jaruba. Kama yana maji, jua kwamba kupinduka kunakaribia kuwa hakika: gusa mkia kwanza, polepole kadiri inavyowezekana, na uwe tayari kutoka kichwa chini. Jioni, eneo linalong'aa peke yake kwenye giza ni maji.

Mbuga za Usangu zinadanganya. Kutoka juu ni tambarare ya nyasi. Ndani ya nyasi kuna vichuguu vigumu kama matofali. Palipo na ng'ombe wengi nyasi ni fupi na vichuguu vinaonekana, kwa hiyo chagua pembeni mwa malisho kuliko nyasi ndefu safi. Udongo mweusi ukilowa, usiufikirie.

Mahindi ya Isimani na Mbozi, alizeti na ngano: chukulia juu ya mmea ndiyo ardhi. Inua pua usawa wa mbelewele, fuata mistari, acha ndege izame. Ukijaribu kugusa udongo wenyewe, mabua yatashika magurudumu ukiwa bado na mwendo.

Chai ina sura ya zulia lakini chini yake kuna shina nene na mteremko. Tua ukipanda mlima, hata kama upepo mdogo upo mgongoni, na ongeza noti 5 hadi 10 ili upate nguvu ya kuinua pua kulingana na mteremko. Angalia mikaratusi kwenye mipaka. Kwa misonobari ya Sao Hill, tafuta kitalu cha miti michanga yenye kimo kimoja. Kama hakuna ila miti mikubwa, lenga kati ya mashina mawili ili mabawa yapokee pigo badala ya kiti.

Barabara kuu ya Tanzania–Zambia inavutia macho kuliko inavyostahili. Ina malori, mabango, na nyaya zinazoikatiza bila mpangilio. Bwawani au mtoni, ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa inaweza kupinduka ikigusa maji. Kingo yenye tope ni nafuu.

Baada ya kusimama

Toka, nenda upande unakotoka upepo, mita 50 au zaidi. Ukiwa umepinduka, weka mkono mmoja juu ya paa na miguu ikaze kabla ya kufungua mkanda. Shingo inaweza kuvunjika hapa, hata kama ulinusurika kugonga. Kisu cha kukatia mkanda kifungwe mahali mikono yote miwili inafika.

Washa mwenyewe kifaa cha dharura cha 406 MHz, kile kinachorusha ishara kwa waokoaji. Usitegemee kimejiwasha, na kama ndege imelala juu chini, antena huenda imevunjika au imezikwa. Cha mkononi, kifuani, kinaaminika zaidi.

Halafu dawa. Dawa za jamii ya organofosfati, fenthion ikiwemo, hupenya ngozi. Vua kila nguo iliyolowa, helmeti pia, oga kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 hata kama huumwi popote. Mate na machozi kutiririka, jasho, mboni kuwa ndogo, misuli kuchezacheza na pumzi kuwa nzito ni dalili za sumu. Hospitali itahitaji kujua jina la dawa ili itoe atropini, kwa hiyo lebo iende na mgonjwa. Wanakijiji watakimbilia kusaidia: waambie wasiguse nguo zako kwa mikono mitupu, wasichote maji ya mfereji ulipomwagikia, na wasiokote samaki wala kwelea waliokufa.

Timu ya chini ina kazi zake, na zipangwe kabla. Mtu mmoja asifanye lolote ila kusikiliza redio na kuandika muda wa kila mzunguko. Ndege ikichelewa kurudi kwa dakika 5 zaidi ya kawaida, gari linaondoka. Hakuna kusubiri kuona. Ndani ya gari: mitungi ya kuzimia moto ya povu au unga, shoka, kisu cha mkanda, glavu za mpira, maji lita 200 na sabuni, blanketi, lebo za dawa, ramani yenye barabara na madaraja yanayopitika. Namba za dharura ni 112 polisi na 114 zimamoto, lakini kutoka ndani ya Mbarali gari lenu litafika kwanza. Mjue mapema kama mnakwenda hospitali ya wilaya Rujewa au moja kwa moja Mbeya, na daraja gani halipitiki mvua zikinyesha.

Mabaki yasisogezwe mpaka wachunguzi wa ajali za ndege waruhusu, isipokuwa kumtoa mtu au kuzima moto. Piga picha za mikono yote ilipokaa: throto, mchanganyiko, vali ya mafuta, joto la kabureta, swichi za magneto. Chukua lita 1 ya mafuta kutoka kwenye tanki la ndege na lita 1 kutoka kwenye pipa la mwisho lililotumika, kila moja kwenye chombo safi cha chuma chenye mfuniko, andika tarehe, saa na pipa lilikotoka, na pipa lenyewe lifungwe lisitumike tena mpaka majibu yatoke.